Kopo la Ndama

Bi Hamdiya binti Nasser hakupenda kuuza kopo likiwa na nguo. Ndivyo alivyoiita ile karatasi ya picha inayozunguka kopo: nguo. Ukimwomba kopo la maziwa, alichukua kitambaa chenye maji, akalisugua taratibu, akaitafuta ncha ya karatasi kwa ukucha wake wenye hina, akaivuta yote nzima bila kuichana, kisha akakukabidhi kopo li uchi, linang'aa. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na sababu tayari. Gundi ya karatasi ni chakula cha mende, na mende wa Temeke hawajui kushiba. Halafu wewe mwenyewe, maziwa yakiisha, kopo utalipeleka kwa fundi akutengenezee koroboi. Sasa karatasi ya nini? Sababu ya tatu hakuisema, lakini kila mtu aliijua. Alizipenda zile picha.

Ukuta wa nyuma ya kaunta, tangu rafu ya juu hadi kwenye gunia la chumvi, alikuwa ameubandika karatasi hizo kwa uji wa muhogo. Palikuwa na samaki wa kopo wamelala safu safu, meli ya biskuti, mnazi, jogoo, bibi wa Kizungu mwenye kikombe. Watu walinunua kwa kunyoosha kidole. "Bi Hamdiya, nipe yule jogoo." "Nipe meli nusu." Wageni waliohamia kota mpya za serikali baada ya vita, Wahaya na Wachaga na Wanyamwezi, walijifunza ukuta ule kabla ya kujifunza njia za mtaa.

Msije mkadhani hakujua kusoma. Alihitimu msahafu akiwa binti mdogo, na alipokuwa akiandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba marehemu mumewe Zahor alikuwa akiuonyesha kwa wageni. Ila herufi za Kizungu hakuzijua, wala hakuona hasara. Kopo lina picha. Mtu mwenye macho anataka nini zaidi?

Na picha alizisoma kwa akili, hakubahatisha. Kwenye rafu yake palikuwa na maziwa ya aina mbili, yote mazito, yote matamu. Moja lilikuwa na ua la waridi. Bi Hamdiya alikata shauri kwamba hilo ni la kukirimu wageni, kwani nani huweka ua mbele ya mtu asiyekuwa mgeni? La pili, lenye bei nafuu, lilikuwa na ng'ombe anayemlamba ndama wake, na chini yake mstari mweusi wa herufi nene ambazo yeye alizichukulia kuwa jina la mwenye kiwanda. Hapo hapakuhitaji mwanachuoni. Mama na mwanawe: maziwa ya watoto. Kila mwanamke aliyekuja na kilio cha ziwa kukauka, Bi Hamdiya alimpa kopo la ndama, na maelezo juu yake: kijiko kimoja, maji ya moto yaliyopoa, usimpe yakiwa baridi. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Pengine ndiyo sababu alikuwa na mengi ya kuwaambia waliojaliwa.

Eufrazia alikuja hivyo hivyo. Alikuwa mke wa Theonest, karani wa bohari moja kule bandarini, mtu wa Bukoba mwenye kaptura nyeupe na soksi zilizopanda hadi magotini. Eufrazia alikuwa na mtoto wa kwanza wa mwezi mmoja, Apolinari, na jipu la titi lililomwacha bila maziwa. Alisimama pale dukani akilia, mtoto naye analia, na Bi Hamdiya akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote, akamchukua yule mtoto.

"Huyu anataka kula tu, mwanangu. Nyamaza. Huyu mume wangu ana njaa."

Tangu siku hiyo Apolinari akawa mume wake. Kila jioni Eufrazia alipopita, Bi Hamdiya alidai aonyeshwe mumewe, akamwuliza mahari yake iko wapi, akamtisha kwamba akichelewa ataolewa na mwingine. Mtoto alimcheka hadi mate yakamtoka. Miezi ile ya mwanzo alinenepa mashavu, na Bi Hamdiya alimbeba barazani akiwaonyesha wapita njia. "Mtoto wa kopo langu huyu!"

Mwezi wa sita mambo yakaanza kugeuka. Mashavu yalibaki, lakini mapaja yakalegea. Nywele zikawa nyepesi, rangi ya kutu. Miguu ikavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kilichomuumiza Bi Hamdiya zaidi ni kwamba mtoto aliacha kucheka. Ulimtania weee, akakutazama tu, kisha akageuza uso kama mzee aliyechoshwa na maneno. Dawa yake Bi Hamdiya aliijua moja tu, akaitoa: aliagiza vijiko viwe viwili badala ya kimoja.

Uani watu walikwisha toa hukumu. Mtoto amebemendwa, walisema. Wazazi hawakujizuia, au baba ana mwanamke nje, na joto la mwanamke huyo amelileta nyumbani. Maneno hayo huwa hayasemwi mbele ya mwenyewe, ila husemwa karibu naye vya kutosha ayasikie. Eufrazia aliyasikia. Akaacha kukaa uani. Bi Hamdiya naye, nasema kweli ingawa nampenda, aliyaamini. Akamwekea Theonest kinyongo, na hotuba.

Nafasi ya hotuba ilikuja Jumamosi moja mchana. Theonest hakuwa na kawaida ya kuingia dukani. Ununuzi wa jikoni ulikuwa kazi ya mkewe, na yeye alipita barabarani akiinua kofia. Siku hiyo Apolinari alikuwa hashiki hata shingo vizuri, Eufrazia hakutaka kumweka chini, kwa hiyo mume akatumwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, baba. Leo jua limetokea wapi?"

"Eufrazia amempakata mtoto. Amenituma kopo moja la maziwa."

Bi Hamdiya hakuinuka kulichukua. Alipanga khanga yake vizuri mabegani.

"Kopo utapata. Kwanza nisikilize, mie sawa na mama yako, na mama hamwonei haya mwanawe. Nyie watu wa bara mna yenu na sie wa pwani tuna yetu, lakini mtoto ni mtoto. Mtoto akiwa mchanga, baba hufunga. Hufunga macho, na hufunga vinginevyo. Sasa mie sikuulizi ulikwenda wapi..."

Alikuwa ameiandaa hotuba hiyo kwa muda wa wiki nzima, na ilikuwa na sehemu nzuri zaidi mbele. Lakini yule kijana hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama juu ya bega lake, ukutani, midomo ikitembea polepole.

"Bibi," alisema, "ile karatasi ya ng'ombe na ndama ni ya kopo gani?"

"Ya maziwa ya mume wangu, Apolinari. Usinibadilishie maneno."

"Ndiyo maziwa anayokunywa?"

"Hayo hayo, tangu ana mwezi mmoja. Mie mwenyewe ndiye niliyemchagulia."

Theonest akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa. Akaweka kidole kwenye ule mstari mweusi wa herufi nene, akausoma kwanza kimoyomoyo, kisha akausoma kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anavyosoma mtu anayetumaini kwamba amekosea.

"Maziwa yaliyotolewa siagi kwa mashine. Hayafai kwa watoto wachanga."

 Bi Hamdiya akasimama, akanyoosha kidole kwenye karatasi nyingine ya ndama, iliyo juu kidogo.

"Na hii inasemaje?"

"Hivyo hivyo, Bibi."

"Hii?"

"Hivyo hivyo."

Ukutani palikuwa na ndama kumi na mmoja. Alimsomesha wote, hata yule wa chini kabisa aliyefichwa na gunia la chumvi. Akalisukuma gunia mwenyewe kwa mikono yote miwili. Wote walisema neno moja. Sheria ilitaka onyo hilo liandikwe waziwazi kwa herufi zinazoonekana, na waliotengeneza kopo walitii, wakaliandika wazi kabisa, kwa Kiingereza. Miaka minne lilikuwa nyuma ya mgongo wake, na yeye amekaa mbele yake akiwaelekeza kina mama.

"Na la waridi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Theonest akasoma. "Maziwa kamili. Siagi yake imo."

Hasira ilimjia yule kijana, ikaonekana usoni, halafu haikujua imwangukie nani. Kazini kutwa alikuwa akisoma maandishi ya makasha ya watu, nta na misumari na mvinyo, na huyu mwanawe alinyweshwa kopo mbele yake miezi saba. Lakini kopo lilikuja nyumbani li uchi. Asingeweza kusoma kisichokuwapo. Akaketi juu ya gunia la chumvi akaziba uso.

"Mie nilidhani ni joto la mwanamke," alisema Bi Hamdiya. "Nisamehe, baba. Nimesema mambo makubwa."

Alitwaa makopo sita ya waridi, hakulivua hata moja, akafunga duka mchana wa Jumamosi, jambo ambalo halikutokea tangu alipotoka eda, akafuatana na Theonest hadi kota. Mbele ya Eufrazia hakujificha nyuma ya maneno. Alisema: "Mwanangu, kopo nililokupa silo. Limeandikwa lisipewe mtoto, na mie sikujua kusoma, nikajifanya najua."  Eufrazia akauliza jambo moja tu, na aliliuliza kwa mumewe, si kwa Bi Hamdiya: "Kwa hiyo si sisi?"

"Si sisi," alisema Theonest.

Yule mwanamke akalia kama siku ile ya kwanza dukani.

Jumatatu walikwenda zahanati, Bi Hamdiya nyuma yao amejifunika buibui, amebeba karatasi ya ndama na karatasi ya waridi ndani ya kitambaa kama vyeti. Muuguzi alimpima mtoto, akazitazama zile karatasi mbili, akatikisa kichwa. Maziwa yale yana sukari ya kumnenepesha shavu, alisema, lakini mafuta yanayomjenga yametolewa. Apewe lile la waridi, na sasa ana miezi minane, apewe pia uji wenye yai, samaki aliyepondwa bila miiba, na kijiko cha mafuta ya samaki kila asubuhi. Mmemleta wakati bado unafaa, aliongeza. Bi Hamdiya alimfanya arudie maneno hayo ya mwisho mara mbili.

Sasa wengine wangeishia hapo, wakanyamaza, wakaendelea na biashara. Nani angejua? Lakini yeye hakulala vizuri. Wateja wa fedha taslimu hakuwa akiwaandika popote, ila nyuso hazikumpotea. Alikaa akahesabu kwa vidole vya mikono: fulani wa karibu na kisima, fulani mke wa askari, yule mwenye pacha. Wakatimia saba. Kesho yake alitia makopo ya waridi kikapuni, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na kusema maneno yale yale aliyomwambia Eufrazia.

Mmoja alimkumbatia. Mmoja alicheka, akamwambia mwanawe aliyatema tangu siku ya kwanza, baba mtu ndiye aliyeyamaliza kwenye uji. Mke wa askari alimsema mlangoni, mbele ya watu, akamalizia kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bi Hamdiya, ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake, aliinama. Aliweka kopo kizingitini akaondoka, na njia nzima machozi yalimtoka ndani ya buibui, maana neno lile limempata penyewe.

Alizunguka nyumba sita. Ya saba hakwenda.

Ya saba ilikuwa ya Somoe, kule Mtoni, mchuuzi wa maandazi. Masika yaliyopita Somoe alikuwa na binti wa miezi mitano, akaugua. Habari zilipofika dukani, Bi Hamdiya alimpa jirani mmoja kopo la ndama ampelekee. Lilikuwa zawadi, na kopo la zawadi hakulivua nguo. Huwezi kumpa mtu kitu cha heri kikiwa uchi. Siku mbili baadaye alikwenda kwao matangani, akakaa mkekani karibu na Somoe, akamshika mkono akamwambia ni kazi ya Mungu.

Sasa hakuwa na uhakika ilikuwa kazi ya nani. Aliahirisha Jumanne kwa sababu ya mvua, Alhamisi kwa sababu ya goti, wiki ya pili bila sababu. Huku dukani alibadilisha mambo. Hakuvua tena nguo za makopo. Juu ya kila ndama wa ukutani aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, kwamba si ya mtoto, na Theonest akaongeza chini yake Kiswahili cha herufi za Kizungu, ili kila mwenye kusoma hiki au kile akute lake. Asiyejua kusoma chochote aliambiwa kwa mdomo, apende asipende, hata kama amekuja kununua chumvi.

Wiki ya nne Eufrazia alipita jioni. Uvimbe wa miguu ya Apolinari ulikuwa umeshuka.

"Wewe mwanamume," alisema Bi Hamdiya, kwa woga, maana hakuwa amemtania tangu siku ile, "mahari yangu iko wapi?"

Apolinari akamtazama. Akafikiri. Kisha akacheka, mate yakamtoka, akaufikia mkono wenye hina akauvuta mdomoni. Bi Hamdiya akamshukuru Mungu kwa sauti hadi watu wa barazani wakageuka. Na moyoni akajua kwamba kisingizio cha mwisho kimekwisha. Kama Mungu amemrudishia huyu, hana uso wa kuendelea kumkwepa Somoe.

Asubuhi yake alikwenda Mtoni kwa miguu. Somoe alikuwa uani anaosha karai la maandazi. Alipomwona alifuta mikono, akatandika mkeka.

"Shikamoo, Bi Hamdiya. Karibu. Mbona mbali hivi, na goti lako?"

"Marahaba, mwanangu. Nina neno. Niache niliseme nimesimama." Akalisema. Alisema kuhusu picha, na siagi, na onyo alilokuwa amelipa mgongo miaka minne. Mwisho akasema: "Kopo nililompa jirani akuletee lilikuwa la ndama. Mie ndiye niliyelileta. Sijui kama ndilo. Nimekuja ujue, uniambie unalotaka kuniambia."

Somoe aligeuka. Akaingia ndani. Bi Hamdiya alibaki amesimama pale uani, akisikia vitu vinasogezwa, na katika umri wake wote hakuwa amewahi kuogopa kama alivyoogopa dakika ile.

Somoe alitoka na kopo. Lilikuwa na nguo zake zote, ng'ombe na ndama, limefutwa vumbi, halijatobolewa popote.

"Lilinifikia saa saba mchana," alisema. "Mwanangu alikuwa amenitoka saa tano asubuhi. Hakulionja, Bi Hamdiya."

Bi Hamdiya akakaa mkekani bila kukaribishwa mara ya pili. Akalia kwa furaha. Halafu akalia kwa aibu ya furaha ile, maana amefurahi mbele ya mama aliyefiwa, na akamwambia hivyo hivyo, hakumficha: nimefurahi, mwanangu, nisamehe.

"Lia tu," alisema Somoe. "Hata mie nafurahi sio wewe."

"Mbona hukulinywa? Mbona hukuliuza? Mwaka mzima!"

"Ningelinywaje? Nilikuwa namwangalia huyu ng'ombe anavyomlamba mwanawe." Akaliweka kopo katikati yao. Wakalitazama wote wawili. Kuku walipita, Somoe akawafukuza. Kisha akauliza, "Hayo maandishi yanakataza watoto tu?"

"Watoto wachanga tu."

"Sie wakubwa?"

"Sie hatukukatazwa."

Somoe akaenda kuinjika birika. Bi Hamdiya akachovya ncha ya khanga kwenye maji ya karai, akalisugua lile kopo taratibu, akaitafuta ncha ya karatasi kwa ukucha, akaivuta yote nzima bila kuichana. Akampa Somoe aibandike atakapo. Halafu wakatoboa kopo kwa kisu, wakanywa chai tamu kupita kiasi na maandazi ya jana, hadi birika likaisha.